Shule ya nidhamu, ya uhuru au ya maswali: ipi inamfundisha mtoto kufikiri na ipi inamfundisha kufuata?

Mtoto wa dada angu alikuja na daftari la hesabu nikaona kaandika 7 × 8 = 54. Pale kwenye 54 karatasi imesuguliwa na raba mpaka inakaribia kutoboka, maana yake kulikuwa na kitu kingine kikafutwa. Nikamuuliza, mwanzo uliandika nini? 56. Sasa mbona umefuta? Akaniangalia kama vile swali langu ndo la ajabu, "mwalimu aliandika 54 ubaoni, mjomba." Hakuna aliyemchapa wala kumfokea, mwalimu wake ni mtu mpole kabisa na siku hiyo alipitiwa tu kama mi nilivyopitiwa mara mia, ila mtoto wa miaka 9 jibu analijua, kaliandika kwa mkono wake, halafu kalifuta kwa raba yake mwenyewe.

Mama yake toka siku ile hana raha. Anataka kumhamisha, na kila tukikutana swali ni lile lile, hivi shule inamjenga mtoto afikiri au inamkunja tu akae kwenye mstari? Kazunguka shule za aina tatu, kila moja imemwambia wao ndo wanaokuza fikra, sa hivi kachanganyikiwa kuliko alivyoanza. Hii nimemwandikia yeye na yeyote aliyekwama hapo hapo. Nimefundisha hesabu miaka ya kutosha na ninachoamini nakisema mapema msione nawazungusha: maneno ya getini hayajawahi kumfundisha mtu kufikiri, kinachofundisha ni zile sekunde chache baada ya mtoto kutoa jibu. Ila aina ya shule inazifanya hizo sekunde zipatikane kirahisi au kwa shida, ndo maana kulinganisha kuna faida.

Tunapima kwa vitu gani

Vitu vitano, na nitavitumia hivo hivo kwa shule zote, hata pale ambapo shule ninayoipenda inaumbuka.

Cha kwanza, jibu likishatoka nani anaamua kama ni sahihi, na anaamuaje. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, kwenye tafiti alizochapisha miaka ya 1970 alipima muda mwalimu anaosubiri baada ya kuuliza swali, akakuta kwa kawaida ni kama sekunde 1, halafu mwalimu anarukia kwa mwingine au anajijibu mwenyewe. Walimu walipojizoesha kusubiri kama sekunde 3 majibu yakarefuka, na wale wakimya wakaanza kuongea. Sekunde 3 tu! Jaribu kuzihesabu ukiwa mbele ya darasa utaona zilivyo ndefu, unahisi kama umesahau somo.

Cha pili ni maarifa, kwa sababu huwezi kukosoa kitu usichokijua. Kuna jaribio la wanasaikolojia Chase na Simon la 1973, bingwa wa chess aliangalia ubao sekunde 5 tu akapanga upya kete nyingi kuliko anayejifunza, lakini kete zilipomwagwa ovyo bila mpangilio wa mchezo, ubingwa ukayeyuka, akawa karibu sawa na anayejifunza. Kwa hiyo kile tunachokiita akili ya haraka, sehemu kubwa ni vitu mtu alivyoviona mara elfu vikakaa kichwani. Anayewaambia kwamba kukariri ni adui wa kufikiri anawauzia nusu ya habari.

Cha tatu, kusimama peke yake kundi likienda upande mwingine. Mwanasaikolojia Solomon Asch mwaka 1951 aliwaonyesha watu mistari waseme upi unalingana na upi, kitu ambacho hata mtoto anakiona, ila wengine wote chumbani walikuwa wamepangwa wajibu kosa kwa pamoja. Watu kama robo tatu walifuata kosa angalau mara moja. Akiwepo chumbani mwenzao mmoja tu anayejibu sahihi, kufuata kundi kunashuka sana, na hili wazazi huwa tunalisahau. Mmoja tu!

Cha nne ni mitihani na kuhama, akitoka hapo kwenda shule nyingine atapokelewaje. Cha tano ni mzigo kwa mzazi, na sisemi ada peke yake, nasema muda, uvumilivu na kelele za ndugu.

Shule ya nidhamu na mtihani

Hii wengi wetu ndo tumepita. Madawati yanaangalia ubao, kengele, sare, kiranja anaandika majina ya wapiga kelele. Kwamba mfumo huu ulitengenezwa kupata watu watiifu, kuna ukweli. Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, mwaka 1763, Mfalme Frederick wa Pili alitoa amri watoto kuanzia miaka 5 mpaka 13 au 14 waende shule, na dola yake haikuwa inatafuta wabishi. Mwaka 1843 Horace Mann, kiongozi wa elimu wa Massachusetts, Marekani, alienda kuangalia shule hizo akarudi kwao anazisifia. Ila tusiishie hapo, maana amri ile ile ndo iliwapeleka watoto wa wakulima kwenye kusoma, na mtu akishajua kusoma huwezi tena kumpangia atasoma nini.

Jibu likishatoka: hapa ndo panapouma. "Sahihi, kaa." "Kosa, mwingine." Watafiti wa Grenoble, Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1970 waliwauliza watoto 97 wa madarasa ya chini: kwenye meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana miaka mingapi? Watoto 76 walizipiga hesabu zile namba wakatoa umri. Sio wajinga wale. Wameshajifunza kwamba swali la mwalimu halikosi jibu na namba ukipewa lazima uzitumie, na hakuna mwalimu aliyewahi kuwaambia hivo kwa mdomo wake. Mtafiti wa elimu Philip Jackson mwaka 1968 kitu kama hicho alikiita mtaala uliofichika, kusubiri zamu, kutafuta sifa, kusoma uso wa mwenye mamlaka. Niliwahi kuwapa darasa langu swali hilo hilo la nahodha, binti mmoja wa nyuma akanyoosha kidole, "mwalimu, kwani nahodha ni mmoja wa mbuzi?" Darasa zima likacheka, na mi, nisiwafiche, nikamwambia akae. Nilikuja kugundua usiku nasahihisha madaftari kwamba yule ndo peke yake aliyefikiri siku ile.

Maarifa: hapa iko vizuri, tena sana. Jedwali la kuzidisha, sarufi, tarehe, kanuni, vinaingia na vinakaa. Na mtoto mwenye vitu kichwani siku akiamua kubisha anabisha kwa hoja.

Kusimama peke yake: dhaifu kwa watoto wengi, maana tuzo zote ziko upande wa kulingana na wenzako. Kuna wachache shule kali inawakomaza wakatoka wabishi wa kuogopwa, ila usimpeleke mtoto kwa kutegemea atakuwa mmoja wao.

Mtihani na kuhama: hakuna wasiwasi. Mzigo kwa mzazi: mdogo mchana, jioni unabaki nao, kwa sababu yale maswali yasiyoulizika darasani inabidi yawe na pa kwenda.

Inamfaa mtoto anayepotea bila mpangilio, anayetakiwa kupita mtihani mkubwa karibuni, au ambaye nyumbani tayari pana mazungumzo mengi kiasi kwamba shule ikimpa maarifa tu inatosha.

Shule ya uhuru

Hapa mtoto anachagua afanye nini, mwalimu anakaa pembeni. Ndani yake kuna shule zinazotofautiana sana. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo Roma, Januari 1907, na kwake uhuru una reli: vifaa vimepangwa, muda umepangwa, mtoto anachagua ndani ya hivyo. Mwalimu A. S. Neill aliyeanzisha shule ya Summerhill mwaka 1921 alikwenda mbali zaidi, kuingia darasani ni hiari na sheria za maisha ya shule zinapigiwa kura kwenye mkutano ambako kura ya mtoto ni sawa na ya mtu mzima.

Jibu likishatoka: hapa Montessori ana kitu kizuri mpaka natamani ningekiwaza mwenyewe. Kuna gogo lina matundu 10 na vijiti vinene vya duara 10, kila kimoja na tundu lake. Ukichomeka kimoja kwenye tundu kubwa kuliko chake, mwishoni kuna kimoja kitabaki mkononi hakiingii popote. Nilimwangalia mtoto mmoja, hajafika hata miaka 4, kabaki na kijiti kimoja, akakijaribu tundu la pili, la tatu, akakasirika, akakiweka chini, akaangalia gogo lote kimya, halafu akachomoa vitatu kwa mpigo akapanga upya. Mwalimu alikuwa hatua mbili tu pale na hakusema neno, na mtoto hata hakugeuka kumtazama. Kosa kaambiwa na gogo. Linganisha na raba ya mpwa wangu.

Maarifa: inategemea, na hapa ndo wanaoipenda wananyamaza. Mtoto mdadisi anajaza mwenyewe. Mtoto anayekwepa hesabu atazikwepa kwa uhuru kamili, na mashimo yake utayaona amechelewa.

Kusimama peke yake: nzuri, tena Summerhill ina kisa chake. Mwaka 1999 wakaguzi wa Uingereza waliibana, mojawapo ya hoja ikiwa hiyo ya masomo kuwa hiari, kesi ikafika kwenye baraza mwaka 2000. Serikali ilipoleta makubaliano, wanafunzi waliomba chumba kile kile cha mahakama wakaendesha mkutano wao humo humo, wakajadili, wakapiga kura kuyakubali. Ila na huku kufuata mkumbo kupo, kumebadilisha nguo tu. Panapopigwa kura ni wengi wape, na mtoto mmoja kuikataa rai ya wenzake 40 sio rahisi kuliko kumkatalia mwalimu, naona ni ngumu zaidi maana wenzake anacheza nao jioni.

Mtihani na kuhama: hapa jiandae. Akitoka hapo kwenda shule ya kengele miezi ya mwanzo ni kilio, darasa lenye haraka halimsubiri mtu.

Mzigo kwa mzazi: uvumilivu. Utakaa muda mrefu huna cha kuwaonyesha ndugu, hakuna namba ya darasani, hakuna ripoti ya kutamba nayo, na shangazi yake atauliza. Halafu jina Montessori halina mwenyewe, shule yoyote inaweza kulipachika getini, ukaingia ndani ukakuta ni ubao na kiboko vilevile ila viti vidogo vya rangi.

Inamfaa mtoto mdogo, na yule anayeweza kukaa na kitu kimoja saa nzima bila kusukumwa, na mzazi asiyeyumbishwa na majirani.

Shule ya maswali

Hii iko katikati, masomo yapo, mpangilio upo, ila mjadala ni sehemu ya ratiba. Mwanafalsafa Matthew Lipman alikuwa anafundisha mantiki chuo kikuu cha Columbia, Marekani, akaona wanafunzi wanafika wakubwa tayari akili imeshakaza, akageukia watoto, mwaka 1974 akaanzisha taasisi ya falsafa ya watoto huko New Jersey. Wanakaa duara, wanasoma kisa, maswali wanatunga wao. Ufaransa nao mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari kwenye mkondo wa kawaida anafanya mtihani wa falsafa wa saa 4, na programu ya kimataifa ya sekondari ya IB (International Baccalaureate) iliyoanzia Geneva mwaka 1968 ina somo zima la kuuliza tunajuaje tunachojua.

Jibu likishatoka: linarudishwa kwa darasa. "Nani anakubaliana nae? Kwa nini? Kuna mfano unaolivunja?" Ikifanywa vizuri hakuna kinachoishinda, na hapa nakiri ndo moyo wangu ulipo. Ikifanywa vibaya inaboa kuliko imla. Nimekaa kwenye mjadala mmoja dakika 40, kila mtoto anasema "mi naona ni mtazamo wa mtu", mwalimu anaitikia vizuri, asante, mwingine, na kengele ikalia hakuna jibu hata moja lililopimwa. Kumwambia kila mtu yuko sahihi nayo ni namna ya kutomsikiliza.

Maarifa: wastani, inakula muda. Mjadala wa vita kwa watoto wasiojua nani alipigana na nani ni kelele. Shule nzuri za aina hii zinasomesha kwanza halafu ndo zinafungua mjadala, zile za mtindo zinaanza na mjadala na hapo hapo zinamaliza.

Kusimama peke yake: vizuri kwa sababu ya ile habari ya mmoja tu, kwenye duara karibu kila siku kuna mmoja kapinga, na watoto wanazoea kuona mtu anapinga na jua linazama kama kawaida. Hatari yake ni ya kichinichini. Watoto ni wajanja, wanajua mapema mwalimu anapenda maoni gani na wanamletea hayo hayo kwa sauti ya mtu huru. Hata ile insha ya Wafaransa wengi wanaiandaa kwa kalibu moja, sehemu ya kukubali, sehemu ya kupinga, sehemu ya kupatanisha, unaweza kukariri namna ya kufikiri kama unavyokariri jedwali la 7.

Mtihani na kuhama: kwa insha anang'ara, kwa maswali ya kuchagua mengi ndani ya muda mfupi anaweza kuchelewa kwa sababu anatafuta swali limekosewa wapi.

Mzigo kwa mzazi: atakuhoji wewe. Ukisema "kwa sababu nimesema" atataka sababu ya sababu, na kama nyumba yenu haibebi hilo mtoto ataishi maisha mawili, huku anaulizwa maoni, kule anaambiwa ana mdomo mrefu. Mi nimeona mtoto kachoka kweli kwa hilo.

Inamfaa anayependa maneno, mwenye msingi wa kusoma tayari, kwenye darasa ambalo sio kubwa. Darasa la watoto 60 na mwalimu mmoja, duara ni ndoto, hata awe malaika.

Kabla ya kuchagua, jambo dogo

Mbishi sio lazima awe anafikiri, na mtiifu sio lazima awe hafikirii. Kuna mtoto anapinga kila kitu kwa sababu kundi lake linasifia kupinga, huyo nae bendera tu, upepo ndo mwingine. Mkipima shule msihesabu vidole vilivyonyooshwa wala makelele. Omba ukae nyuma ya darasa nusu saa, usubiri mtoto akosee, halafu angalia. Mwalimu anauliza "umefikaje hapo?" au anaruka? Na mwalimu mwenyewe akikosea ubaoni, kuna mtoto anasema? Shule ikikataa usikae hata siku moja, basi na hilo ni jibu.

Sasa, kulingana na hali yako

Mtoto ana miaka 3 mpaka 6 na huna presha ya mtihani: ya uhuru ina nguvu zaidi kwenye umri huu, ila hakikisha vifaa vipo na vinatumika, visiwe pambo la kuwaonyesha wazazi.

Yuko shule ya msingi na anasuasua kusoma au kuhesabu: nidhamu kwanza, bila aibu. Mjadala utamsubiri, kusoma hakusubiri.

Anasoma vizuri, alama nzuri, ila hathubutu kusema jibu mpaka aone wenzake wamesema nini: huyo apelekwe kwenye maswali, tena darasa dogo. Ukimpeleka moja kwa moja kwenye uhuru kamili anaweza kutafuta tu mwenzake mwenye sauti kubwa amfuate.

Anakaribia mtihani wa kuamua maisha, mwaka mmoja au miwili: usimhamishe. Nimeona wazazi wanahamisha mtoto kwa ajili ya fikra, mtoto anapoteza mtihani na fikra vyote.

Mnahamahama kikazi: chagua ile iliyo rahisi kupatikana kila mnapofika, ambayo mara nyingi ni ya nidhamu, hayo mengine myabebe nyumbani.

Na kama huna uwezo wa kumhamisha, ambayo ndo hali ya wengi na ndo hali ya dada angu baada ya kupiga hesabu zake zote, basi zile sekunde zitafutwe mezani kwenu. Sisi tulianza mchezo, namwandikia hesabu kumi, moja au mbili nakosea makusudi na simwambii ni zipi. Wiki ya kwanza alizipita zote, akaweka tiki kumi. Juzi nimemwandikia 9 × 6 = 56. Akaitazama, akanitazama, nikanyamaza, akahesabu kwa vidole chini ya meza akidhani sioni, akaichukua raba, akaiweka chini tena, akachukua kalamu akaikata 56 yangu mstari mmoja akaandika pembeni 54. Akacheka peke yake. "Mjomba, kumbe ile 54 ya mwalimu ni ya huku."